Vitambaa Vyekundu vya Ata Nawoi

Ninyi mnaonijia hapa Lodwar na baiskeli zenye minyororo inayolia kama vifaranga, mmeniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nakubali kwa sharti moja: msiyasome mkiwa mmekaa bure. Shikeni kitambaa, geuzeni baiskeli juu chini, na kila mkimaliza aya moja futeni pingili kumi za mnyororo. Mtakapofika mwisho, baiskeli itakuwa safi na mimi nitakuwa sijapoteza muda wangu.

Nilikuwa fundi wa mashindano ya baiskeli za milimani, yale ya siku nyingi, ambapo mtu hupanda leo, hulala kwenye hema, na kesho huamka kupanda tena akiwa na miguu ileile na baiskeli ileile. Nilisomea uhandisi wa mitambo chuoni, nikarudi nyumbani na cheti ndani ya bahasha ya plastiki, nikidhani nimemaliza kujifunza. Sasa mikono nayo imestaafu mapema; viganja hufa ganzi nikishika spana kwa muda mrefu. Lakini nikifumba macho adhuhuri, upepo wa Lodwar unapopita kwenye mikoma na makuti yakisuguana, bado nasikia magurudumu mengi yakizunguka mbali mbele yangu, na huwa sina hakika kama naota au nakumbuka.

Nianze na aibu, kwa sababu aibu hufundisha haraka.

Mwaka wangu wa kwanza nililetewa tairi zisizo na tyubu. Ndani yake hutiwa ute mweupe ambao, mwiba ukiingia, hukimbilia tundu na kuliziba. Maelekezo yalisema ute huo hudumu miezi kadhaa. Niliyaamini, kwa kuwa yalikuwa yamechapishwa. Aliyeyaandika hakuwahi kuacha baiskeli nje kule Kakuma mwezi wa pili. Asubuhi ya mashindano nilitikisa gurudumu na halikutoa sauti ya majimaji. Nilipolifungua, ute ulikuwa umekauka na kuwa utando mwembamba, kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Kabla ya saa tatu asubuhi, miiba ya miti ya mathenge ilikuwa imewalaza wapanda baiskeli saba kando ya njia, na wote walikuwa wakilitaja jina langu.

Fundi Lokol alicheka mpaka akakaa chini. Yeye hakuwa na cheti. Alikuwa akitengeneza baiskeli za wauza maji karibu na soko la Lodwar tangu mimi nikiwa mtoto, naye ndiye aliyenilea katika kazi hii.

"Binti wa chuo," aliniambia, "hilo joto uliliuliza kama limesoma karatasi yako?"

Tangu siku hiyo nilitia ute jioni ya kuamkia mashindano, na kila asubuhi nilipita nikitikisa gurudumu moja moja karibu na sikio. Fanyeni hivyo. Sauti mnayoitafuta ni ya maji kidogo ndani ya kibuyu.

Lokol ndiye aliyenifundisha pia kuyeyusha mishumaa. Mafuta ya kawaida hushika vumbi, na vumbi la huku ni msasa. Siku mbili tu, meno ya gia yamelika. Yeye aliuchemsha mnyororo ndani ya nta kwenye sufuria kuukuu, akauanika, ukatoka mkavu, kimya, mchanga haushiki. Niliona aibu kutumia mbinu hiyo mbele ya mafundi wa Nairobi. Miaka mingi baadaye walianza kuleta nta hiyohiyo kwenye vikopo vya kupendeza, kwa bei ambayo ingenunua mishumaa ya parokia nzima. Lokol aliponusa kikopo kimoja alisema, "Hii ni mishumaa yangu ya Krismasi, wameitia rangi."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jinsi mchezo huu unavyotukimbia. Nilipoanza, mtu alihitaji baiskeli imara, chupa mbili za maji na moyo. Kisha ukaja uma wa mbele wenye hewa, unaotaka pampu yake peke yake. Zikaja breki za diski zinazotumia mafuta, na kila kampuni na mafuta yake. Kikaja kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshika gia ya nyuma, ambacho kimeundwa kivunjike ili fremu ipone. Hakuna baiskeli mbili zinazotumia kipande cha umbo moja, na hakuna duka Lodwar linalokiuza. Kikivunjika huna cha kufanya ila kukata mnyororo na kwenda na gia moja, au kulia. Bei ya tairi moja, ambayo zamani ililingana na mbuzi, sasa inalingana na mbuzi na mwanawe na mwana wa jirani. Ada ya kujiandikisha ikapanda pamoja na gari la wagonjwa, hema, maji na walinzi. Sisemi kwamba mambo hayo hayana maana. Nimewahi kuona gari la wagonjwa likiokoa mtu. Nasema tu kwamba kila kitu kizuri kilichoongezwa kilipandisha kizingiti cha mlango, na walioishi karibu zaidi na mlango walikuwa wafupi.

Mwishowe kikaja kidude cha kuonyesha njia. Kinafungwa kwenye usukani, kinaongea na setilaiti, kinachora mstari, nawe unaufuata. Kanuni zikasema kila mpanda baiskeli awe nacho.

Sasa niwaambie habari za Furaha.

Furaha alikuwa amekimbia Kongo akiwa mdogo na kukulia katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Alibeba abiria kwa baiskeli kambini, mzigo nyuma, mchanga chini, jua juu, kutwa nzima. Baiskeli ya milimani aliyokuwa nayo iliachwa na mgeni mmoja aliyekata tamaa, niliifufua mwenyewe. Mwaka huo timu moja ya nyanda za juu iliahidi nafasi, pamoja na makazi na mafunzo, kwa mpanda baiskeli yeyote wa Kakuma au Lodwar atakayemaliza siku zote nne ndani ya muda uliowekwa. Waliojiandikisha kutoka huku walikuwa wawili tu. Kijana wa Lodwar alivunja kile kipande cha gia siku ya kwanza, akarudi nyumbani akiwa amekisitiri kiganjani kama jino. Akabaki Furaha.

Hakuwa na kidude cha njia. Nilikwenda kumwombea kwa mkurugenzi wa mashindano, mtu tuliyemwita Kapteni ingawa hakuwahi kuwa askari. Alipenda tu kupuliza filimbi.

"Alama za njia naweka mimi," nilimwambia. "Vitambaa vyekundu, kila panapopinda. Vitamtosha. Mimi ni mdhamini wake."

"Mama Akiru, akipotea ni juu yako."

"Na iwe juu yangu."

Ndivyo nilivyosema, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Siku ya tatu njia iliingia kwenye msitu wa migunga kando ya mto Turkwel. Wale mliozaliwa mjini labda hamjui kwamba miti ile ina wenyewe. Kila kipande cha msitu wa mtoni ni *ekwar* ya familia fulani: wao ndio wanaookota maganda ya mbegu yanayoanguka kiangazi, mbuzi wao ndio wanaokaa kivulini, na mgeni huomba kabla ya kugusa tawi. Hakuna ua wala kibao. Mpaka unaweza kuwa mti ulioanguka, ambao kila mtu wa pale anaujua. Mimi ni mzaliwa wa huku. Nililijua jambo hilo tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Lakini alasiri ya kuamkia siku hiyo nilikuwa na barua ya ofisi yenye mihuri mitatu, na jua lilikuwa linashuka, na vitambaa vilikuwa vingi. Nikafunga, nikapita, sikuuliza.

Siku ile nilingoja kwenye lango la kumalizia, chini ya turubai, ng'ambo ya mto ikitetemeka katika mazigazi. Wapanda baiskeli walikuja mmoja mmoja, wakitokea ndani ya mwanga kama watu wanaotembea juu ya maji, kwanza magurudumu, kisha mwili, kisha uso. Kila aliyetokea nilidhani ni yeye. Lango likafungwa. Kapteni akapuliza filimbi yake. Furaha akaja nusu saa baadaye, bila haraka, macho yake mbali.

"Mama," aliniambia, akiiegemeza baiskeli kwenye mguu wangu kana kwamba mimi ni ukuta, "bile bitambaa yako bilikuwa binatembea."

"Vinatembea vipi?"

"Binatembea tu. Naona kimoja mbele, kwa miti. Nafika, hakiko. Naona kingine, kule. Nikasema labda ni upepo. Nafuata. Kinaingia chini, kinatoka. Nikasema labda ni jua limenipiga kichwa, ao nimekufa na huku ndiko mbinguni, wanatupeleka na bitambaa." Alikunywa maji, akacheka kidogo bila furaha. "Kumbe ni mbuzi. Mbuzi minane, kila moja na kitambaa kwa shingo. Kuko bibi mmoja, akanipa maziwa. Akanionyesha njia. Lakini saa imeenda, si ndiyo?"

"Imeenda."

Hakulia. Alianza kufuta vumbi kwenye fremu kwa kidole, taratibu, kama mtu anayeirudisha kwa mwenyewe.

Wengine wote walipita palepale bila shida, maana hawakuhitaji vitambaa. Walikuwa wakiutazama mstari kwenye usukani. Vitambaa vyangu vilikuwa vya mtu mmoja tu, na mtu huyo ndiye aliyepotea.

Kikao cha wapanda baiskeli kilipangwa kufanyika jua likikaribia kuchwa. Kabla yake nilipanda pikipiki ya mlinzi mmoja nikarudi mtoni. Nilimkuta yule bibi, Ata Nawoi, ata ndiyo bibi kwa Kiturukana, ameketi kwenye kigoda chake, shanga zimemjaa shingo hadi kidevuni, na kweli, mbuzi wake walikuwa wakizunguka wakiwa wamependeza kama wasindikizaji wa harusi.

"Ejok, ata," nilimsalimu.

"Ejok." Alinitazama kutoka juu hadi viatuni. "Wewe ndiye uliyekuja kuivisha miti yangu nguo? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, ata. Ni alama za mashindano. Nina barua." Nikaitoa, Mungu anisamehe.

Aliipokea, akaigeuza, akaipapasa ile mihuri kwa kidole gumba, akanirudishia. "Nzuri. Sasa isomee ile miti, uone kama itakujibu."

Nikaikunja barua.

"Mtoto wa nani wewe?"

Nikamtaja mama yangu.

"Nilimjua. Alikuja hapa mwaka wa njaa akaomba maganda, akasimama pale, kwenye ule mti ulioanguka, mpaka nilipomwita. Mjamzito, na jua kali, akasimama." Alimvuta mbuzi mmoja karibu na kukaza fundo la kitambaa. "Huenda ni wewe uliyekuwa tumboni. Mbona hukusikia?"

Vijana wangu, nimetukanwa na mafundi, na wapanda baiskeli, na dereva wa lori la maji. Hakuna aliyenipata namna ile. Niliinuka, nikarudi hadi kwenye mti ulioanguka, nikasimama. Sikujua la kufanya lingine. Mto ulipita, kahawia na polepole. Ata Nawoi aliendelea na mbuzi wake muda mrefu, kisha akaita, "Haya, njoo," nikaja, nikaomba njia kama inavyoombwa. Akakubali mara moja. Vitambaa hakunirudishia. "Vimeanguka katika ekwar yangu," alisema. "Ni maganda."

Kambini, Kapteni alinivuta kando kabla ya kikao. Hakuwa mtu mbaya.

"Sema mbuzi wamekula vitambaa," alininong'oneza. "Wanyama ni jambo la asili. Kanuni inasema jambo la asili ni juu ya mpanda baiskeli. Inasikitisha, yule binti anatoka, lakini yameisha. Ukisema uliweka alama bila ruhusa ya mwenye miti, basi kosa ni la waandaaji. Nitalazimika kuufuta muda wa kipande kile kwa wote, na wafadhili watauliza ni nani aliyekosea. Utakuwa umejifukuza mwenyewe, Mama Akiru."

Nilimtazama Furaha. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, kofia ngumu mapajani, akizungumza na baiskeli yake au akiomba. Kwa mbali havitofautiani.

Nikasimama mbele yao. Nilisema kwamba mbuzi hawakula kitu. Nilisema vitambaa vilitolewa na mwenye miti, kwa haki yake, kwa sababu mimi, mzaliwa wa huku, sikumwomba. Mpanda baiskeli aliyekuwa akiongoza, bwana mmoja mwenye baiskeli nyepesi kuliko mkoba wangu, alipaza sauti.

"Mimi nimepata dakika zangu pale kwa jasho! Kwa nini nizipoteze kwa ajili ya mbuzi?"

"Kwa sababu wewe ulikuwa na setilaiti," Furaha alimjibu kutoka kwenye jiwe lake, bila ukali, "na mimi nilikuwa na mbuzi."

Watu walicheka, hata bwana yule mwishowe. Waamuzi walikaa, wakaufuta muda wa kipande kile kwa wote. Furaha akarudishwa ndani.

Siku ya nne nilifanya kazi yangu ya mwisho kama fundi mkuu. Alfajiri nilipunguza upepo wa tairi zake mpaka kidole gumba kikazama kidogo, kwa ajili ya mchanga wa asubuhi, nikijua jua litauongeza lenyewe. Nikaupaka mnyororo wake nta ya Lokol. Nikatikisa magurudumu karibu na sikio: majimaji, kibuyu, salama. Alifika Lodwar saa sita, amefunikwa na vumbi hadi kope, robo saa kabla ya lango kufungwa, na wauza maji wa sokoni walimpigia kengele za baiskeli zao njia nzima. Sasa anaishi na timu yake nyanda za juu. Hunitumia picha za milima yenye ukungu na kuniuliza mbona huko kunanyesha kila siku, nani amekosea.

Sitawaficha lililofuata, maana lilinigharimu usingizi kuliko kazi niliyoipoteza. Mwaka uliofuata kanuni iliandikwa upya kwa herufi nene: kila mtu awe na kidude chake, hakuna mdhamini, hakuna vitambaa. Kosa langu ndilo lililotolewa kama sababu. Kukiri kwangu kulimfungulia mlango mtoto mmoja na kuufunga kwa wote waliokuwa nyuma yake, yaani ninyi. Nimeligeuza jambo hilo kichwani mara nyingi, kama fundi anayegeuza gurudumu lililopinda akitafuta spoku iliyolegea, na sijaipata. Ningesema uongo, Furaha angerudi kubeba abiria. Nilisema kweli, na ninyi hamna namba za mashindano vifuani.

Ndiyo sababu ya ile safari yetu ya kupita njia ileile siku inayofuata mashindano, ambayo watu wa mjini huiita ya wendawazimu. Magari yameondoka, mahema yameng'olewa, na alama za matairi bado ziko mchangani. Mimi hutangulia siku chache kabla, kwa miguu, na furushi la vitambaa begani. Kila ekwar nasimama mpakani mpaka niitwe. Hunichukua siku tatu kwa kazi ambayo zamani niliimaliza alasiri moja, na sijawahi kuifanya vizuri zaidi. Ata Nawoi ndiye wa mwisho. Safari hii aliniuliza, "Ni vya rangi gani?" Nikamwambia vyekundu kama kawaida. Akasonya. "Vya bluu ndivyo vingewafaa mbuzi."

Basi kesho mnapita huko. Kagueni ute jioni hii. Bebeni pingili za akiba na maji kuliko mnavyodhani mtahitaji. Mkifika kwenye mti ulioanguka shukeni, simameni, ngojeni muitwe. Hakuna saa inayowafukuza. Fuateni vitambaa vyekundu, vimefungwa imara na vimeombewa ruhusa.

Lakini nimempelekea Ata Nawoi vitambaa vinane vya bluu. Mkiona kitambaa cha bluu kikitembea kati ya migunga, kikiingia kivulini na kutoka, msikifuate. Na kama jua limewalegeza na maji yamepungua, basi kifuateni polepole mpaka mwisho. Kuna maziwa.